Ramani Niliyomchorea Mavyaa

Kwanza nieleweke. Mimi ni mtu wa Msambweni, na kwetu ninapasifu bila kupimapima maneno. Mtu akinijia na habari za mchanga mweupe wa Diani, ninamwuliza kama amewahi kula muhogo wa Msambweni, na asiponijibu vizuri ninamnunia mpaka aondoke. Mume wangu husema nina hasira za maziwa jikoni, hufura upesi na kushuka upesi. Sibishi. Ninayataja haya mapema kwa sababu kisa chote kilitokana na mapenzi hayo, na hasira hizo, na mchezo wa kompyuta.

Kaka yangu ana duka la kuchapa na kutoa kopi, njia ya kwenda hospitali. Mimi ndiye fundi wake wa kadi: kadi za harusi, mialiko ya maulidi, vyeti vya watoto wa chekechea vyenye maua pembeni. Wateja wetu huja kwa wingi asubuhi, na baada ya adhuhuri duka hulala. Ili tusilale nalo, kaka aliweka mchezo mmoja wa vita na mipango kwenye kompyuta zetu mbili, akaziunganisha kwa waya, tukawa tunapigana kila alasiri huku feni ikizunguka.

Mchezo wenyewe si mgumu kuueleza. Kila mchezaji hupewa kona yake ya ramani, boma moja na vibarua wachache. Vibarua hukata miti, huchimba dhahabu, huvua samaki na kuvuna chakula. Ukishapata vya kutosha unajenga nyumba, unafunza askari, kisha unamwendea mwenzako kumvunjia boma lake. Atakayebaki na boma ndiye mshindi. Ukiona maji yamezidi unga unasalimu amri, unatoa mkono, na kuchemsha chai kunakuwa juu yako.

Mimi nilichemsha chai mpaka majirani wakadhani tumefungua hoteli. Ramani tuliyokuwa tukiichezea ilikuwa na kona mbili, ya juu na ya chini. Aliye kona ya juu dhahabu yake ilikuwa nyuma ya nyumba, mahali ambapo adui hafiki ila kwa kupita ukumbini kwake. Aliye kona ya chini dhahabu yake ilikuwa ng'ambo ya mto, uwanjani kweupe, na kila kibarua uliyemtuma kuchimba ulimuaga kabisa. Na kompyuta ya kaka, kwa sababu anazozijua mwenyewe, kila siku ilimpa kona ya juu. Nikilalamika ananijibu, "Ramani ni moja, dada. Cheza." Hayo ni maneno ya mtu aliyekaa kivulini. Tulianza kugombana hasa, na siku moja nilimzimia kompyuta mbele ya mteja aliyekuja kupiga picha ya pasipoti.

Basi nilipogundua kwamba mchezo huo una sehemu ya kumwezesha mtu kuchora ramani yake mwenyewe, niliona Mungu amenisikia.

Hapo nieleze na habari ya ndoa yangu, kwa kuwa ndiyo iliyoingia kwenye ramani. Mume wangu si mtu wa huku. Ni Mduruma wa Mackinnon Road, kule barabara kuu ya Nairobi inakopita sambamba na reli. Alikuja Matuga kufanya kazi kwenye ofisi za serikali, akaja dukani kwetu kutoa kopi ya kitambulisho, akarudi kutoa kopi nyingine, na nyingine, mpaka kaka akamwuliza kama anafungua ofisi yake ya vitambulisho. Tulipooana tulipanga nyumba Msambweni, jirani na mama yangu. Yeye huenda Matuga na kurudi, nami nina kadi zangu.

Mama yake hakupenda. Huyo ndiye mavyaa wangu, mjane mwenye mgahawa kando ya barabara kuu pale malori yanapolala, na mwenye mbuzi wake wanaojulikana na madereva wote. Mtoto wake wa kiume ni huyo mmoja. Toka harusi hakuwa amekanyaga kwetu. Nikimpigia simu ananiambia, "Hujambo? Haya. Mpe mume wako." Watu walinifikishia kwamba alisema mwanawe amemezwa na pwani, na pwani ndiyo mimi.

Kisha ikakaribia Idd ya kuchinja, na mume wangu akaja na habari. Mama yake na dada yake watakuja kula Idd kwetu.

"Alhamdulillahi," nikasema. "Hatimaye."

"Ndiyo. Lakini amesema ana neno na mimi."

"Neno gani?"

Akajifanya anatafuta viatu. Nami sikuwa mtoto mdogo. Mgahawa ulikuwa umemshinda mavyaa peke yake, kiwanja cha kujenga kule kilikuwa tayari, na mume wangu hajawahi kumwambia mama yake hapana maishani mwake. Mavyaa alikuwa anakuja kumchukua mwanawe. Kama angesema hilo neno mbele ya watu siku ya Idd, ingekuwa ama nifungashe niwafuate, ama nibaki nikae na kadi zangu za harusi za watu wengine. Niliogopa sana. Nilitaka mavyaa anipende, au kama hilo ni zito, basi aniachie mume.

Hapo nikapata wazo la ramani. Nilijua watu wa kwao wanaucheza mchezo uleule. Wifi yangu, dada wa mume wangu, ana banda la kuchajia simu karibu na mgahawa wa mama yake, na hucheza na madereva wanaosubiri kuendelea na safari. Nikasema nitachora kaunti yetu yote, Msambweni kona ya chini kulia na Mackinnon Road kona ya juu kushoto, kwao na kwetu ndani ya skrini moja. Siku ya Idd baada ya chakula tutacheza, ukweni kwa ukweni. Mavyaa ataona kwao pamewekwa kwenye mchezo wa kompyuta pamoja na bahari na misitu, atajua huyu mkwe wangu ananiheshimu. Wallahi hilo ndilo lililokuwa moyoni mwangu.

Nilianza na Msambweni. Nilichora ufuo, nikatia samaki. Nikaona hawatoshi, nikaongeza. Nikachora mto unaoshuka mpaka kwenye boma, miti pande zote za mto, mashamba yenye rutuba, na machimbo mawili ya dhahabu, moja nyuma ya boma kama nilivyojifunza kwa kaka. Nikapanda kaskazini. Diani niliipa mchanga mweupe, kwa kuwa ndio wanaojivunia. Tiwi niliipa samaki kidogo kwa sababu nina shangazi huko. Katikati nikaweka misitu ya Shimba. Nilipofika kona ya Mackinnon Road nikasimama, nikakuna kichwa.

Kule nilikuwa nimepita kwa basi mara kadhaa nikienda Nairobi, nimelala. Na nilifika rasmi mara moja tu, siku ya kupelekwa kwa mume, nimefunikwa leso usoni kama ada inavyotaka. Niliingizwa ndani, nikalishwa, nikaimbiwa, nikatolewa. Nilichokikumbuka ni mawe, miiba na malori. Basi nikaweka mawe. Nikaweka miiba. Nikachora barabara kuu, ndefu na iliyonyooka, na nikatia chimbo moja dogo la dhahabu ng'ambo yake. Nikaitazama kazi yangu, nikaona imefuata jiografia.

Wa kwanza kuijaribu alikuwa mume wangu. Alikaa kona ya kwao kwa bashasha, akaizungusha ramani huku na huku, kisha bashasha ikaanza kupungua.

"Mke wangu, mbuzi wako wapi?"

"Wamekwenda malishoni."

"Na lambo?"

"Lambo gani?"

"Kwetu kuna lambo kubwa la maji ya mvua. Watu wanakunywa nini hapa?"

"Ni mchezo, bwana. Vibarua hawanywi."

Nilimvunjia boma kabla hajajenga nyumba ya pili. Alinyanyuka, akaenda uani kwa mama yangu, nikamsikia akishtaki, "Mama, mwanao ameninyima maji." Mama yangu, ambaye humpenda mkwewe kuliko anavyotupenda sisi, akanijia na mwiko mkononi. Ilibidi nimweleze kwanza kwamba ni maji ya kwenye kompyuta.

"Mwamba ngoma huvutia kwake," mume wangu aliniambia jioni ile tukinywa chai. "Lakini wewe umeivuta mpaka ngozi imekatika. Mama akiiona hii itakuwaje?"

"Atafurahi. Nani mwingine amewahi kumchora?"

"Iongezee maji basi."

"Nichukue bahari ya Msambweni niipeleke Mackinnon? Umeona wapi?"

"Sikusema bahari," akasema taratibu. "Nimesema maji."

Nilifura. Nilimwambia ramani haina ukwe wala undugu, ni lazima iseme kweli, na kama kwao kuna mawe si mimi niliyeyamwaga. Kaka yangu, aliyekuwa mlangoni, alicheka mpaka akaketi chini. Mara hii ramani aliipenda sana. Alimshika shemeji yake bega akamwambia, "Ramani ni moja, shemeji. Cheza."

Na nilikuwa na hesabu yangu nyingine niliyoinyamazia. Kwetu mgeni huchagua kwanza. Huchagua nyama, huchagua kiti, huchagua upande wa kitanda, na mwenyeji huchukua kinachobaki, tena kwa tabasamu. Mama yangu alitufunza hilo kwa kutufinya chini ya meza. Nilijua wageni wataambiwa wachague kona, na nilijua watachagua kwao, maana mcheza kwao hutunzwa, na nani atakubali kwao pachezewe na mwingine? Sisi tungebaki na Msambweni. Nia yangu ilikuwa tuwashinde kwa adabu, kidogo tu, halafu tucheke wote.

Siku ya Idd walifika tumetoka msikitini, na mbuzi beberu mkubwa aliyefungwa nyuma ya gari. Mavyaa ni mwanamke mrefu, mwenye sauti iliyozoea kushindana na injini za malori. Nilimwinamia.

"Shikamoo, mama. Idd mubarak. Karibuni, karibuni sana."

"Marahaba," akajibu. Akautazama ua wetu, mipapai, mchicha, kisima cha jirani, mpaka akamaliza. "Mna majani," akasema, kwa sauti ya kumpa mtu pole.

Chakula kilikwenda vizuri. Pilau haikuungua, mbuzi wake alisifiwa na kila mtu, na mama yangu na mavyaa waligombania nani amwekee mwenzake nyama zaidi. Mume wangu hakula sana. Kila mama yake alipokohoa, yeye aliacha kutafuna, na mimi nikaacha pia. Neno halikutoka. Nikasema moyoni, tucheze upesi kabla halijatoka.

Kaka alileta kompyuta zote mbili barazani, akazipanga mezani zikipeana mgongo. Upande mmoja ulikuwa wetu, na yeye ndiye angetuchezea. Upande wa pili ulikuwa wao, na wifi yangu alikuwa ameshakunja mikono ya baibui. Mimi nikamletea mavyaa kiti mbele kabisa, nikawasha ramani nzima ili aione.

Alivaa miwani. "Kwetu ni wapi?"

"Hapa, mama." Nikaonyesha kwa kidole.

"Hapa?"

"Ndiyo, hapo."

"Na hivi ni nini?"

"Mawe, mama."

"Na vile?"

"Vile pia ni mawe."

Wifi aliangalia chini. Mume wangu alikuwa anahesabu makuti ya paa. Nikaona niende haraka kwenye sehemu nzuri. "Na huku ndiko Msambweni. Hii bahari, hawa samaki, huu mto, hii ni dhahabu, na hii nayo dhahabu."

"Msambweni kuna dhahabu?" akauliza mama yangu, aliyezaliwa hapo na kuzeekea hapo.

Mavyaa alivua miwani akaifuta kwa ncha ya leso, polepole sana. Kaka akaona aokoe jahazi. Akasema kwa adabu yake yote, "Haya, wageni ndio wenye kuchagua. Mnataka kona gani?"

Mavyaa akamwinamia wifi sikioni, akamnong'oneza kwa Kiduruma. Wifi akamtazama mama yake, akanitazama mimi, akasema, "Tumechagua Msambweni."

Nilidhani amekosea kusema. Nikamwuliza tena, akarudia vilevile, na mama yangu akanifinya mkono kwa chini, kwa kuwa mgeni akishachagua haulizwi mara mbili. Kaka alikaa kwenye kiti chake, akaitazama kona ya juu kushoto, ile miiba, yale mawe, kisha akasimama.

"Mchoraji ndiye acheze," akasema. "Mimi nina wageni wa kuwahudumia." Na akanikalisha kwa kunishika mabega mawili.

Mkuki kwa nguruwe mtamu. Vibarua wangu walisimama mbele ya boma wakiniangalia, nami nikiwaangalia. Miti hakuna. Nikamtuma mmoja akatafute, akatembea, akatembea, akapata mwiba. Chakula kilikuwa kile tulichoanza nacho. Dhahabu ilikuwa ng'ambo ya barabara, na barabara ile nilikuwa nimeichora pana kwa kujipendekeza, ili mavyaa aione. Kila safari ya dhahabu ilikuwa msafara. Upande wa pili nilimsikia wifi akiguna kwa raha. "Kah! Samaki wote hawa? Wifi, kwenu mnaishije na raha hizi?"

Nikatafuta kichaka cha matunda. Sikuweka. Nikatafuta kisima. Sikuweka. Joto likanipanda mpaka masikioni, nikajisahau kabisa kwamba wakwe wananisikia, nikapiga meza.

"Lakini hapa mtu ataishije?"

Baraza zima la wakwe lililipuka kwa kicheko. Mume wangu alicheka mpaka akashika mbavu. Wifi alichungulia juu ya skrini machozi yakimtoka. "Sisi tunaishi, wifi! Mbona tunaishi!"

Hata mavyaa alicheka, ila yeye alicheka kwa mdomo uliofungwa. Mimi nilitamani ardhi ipasuke. Kushindwa sikukuogopa, nimeshindwa sana maishani mwangu na chai nimeichemsha. Kilichoniuma ni kwamba kila nilipogeuza macho kwenye ile kona niliona nilivyomwona mama huyu. Na nilikuwa nimemwekea kiti mbele kabisa aone vizuri.

Kaka aliniinamia na sahani ya tikiti maji. "Salimu amri, dada. Askari wake wameshavuka Shimba. Ukatie chai."

"Sisalimu."

"Kwa kitu gani utapigana? Huna kitu."

"Nina mawe," nikamwambia.

Nilisema kwa hasira tu, lakini ilikuwa kweli. Mawe katika mchezo ule hayaliwi wala hayafunzi askari, yanajenga kuta basi. Hakuna anayeyathamini. Nikawatoa vibarua wote kwenye dhahabu, nikawaweka kwenye mawe, tukajenga ukuta kuzunguka boma, na tulipomaliza tukajenga mwingine ndani yake. Askari wa wifi walipofika, wamenenepa kwa samaki wangu, walikuta hawana pa kuingilia. Wakaanza kugonga. Walipobomoa huku, mimi nilijenga kule. Sikuwa na askari hata mmoja wa kuwatokea. Nilikuwa na vibarua na mawe tu, na nilikuwa nimekasirika.

Ikawa hivyo kwa muda mrefu, mpaka watazamaji wakachoka. Kaka na mama yangu walikwenda uani kwenye tikiti maji. Mume wangu aliitwa akate nyama ya kufungashiwa wageni. Wifi mwenyewe aliniomba. "Wifi, tupeane mkono yaishe. Nimeona umejitahidi."

"Vunja kwanza," nikamjibu.

Nikasikia kiti kinaburuzwa. Mavyaa alikuwa amehama upande wa binti yake, akaja kuketi nyuma yangu. Sikugeuka. Niliwaza, sasa amekuja kuniona ninavyozikwa. Pumzi zake nilizisikia shingoni. Halafu mkono wake mrefu ukapita juu ya bega langu, kidole kikagusa skrini.

"Pale chini kumebomoka."

Nikajenga.

"Na kule. Kule, mwanamke! Huoni?"

Nikajenga na kule.

"Mama!" wifi akalalama. "Kwani wewe uko upande gani?"

"Wewe cheza," akamwambia. "Si umepewa samaki?"

Tukawa wawili. Yeye anaona, mimi ninajenga. Alinipigia kelele kama anavyowapigia madereva wanaotaka kuondoka bila kurudisha vikombe, na mimi nilisahau kumwogopa, nikamjibu, "Nimeona, mama, subiri kwanza!" Na akasubiri. Lakini mawe nayo yana mwisho. Yalipokwisha, ukuta wa nje ukaanguka, wa ndani ukafuata, boma likashika moto. Kibarua wangu wa mwisho nilimkimbiza mpaka kando ya barabara kuu, nikaanza kumjengesha kibanda kwa miti michache tuliyopewa mwanzoni. Walimkuta hajaezeka. Skrini ikaandika nimeshindwa.

Niliondoa mkono kwenye kipanya. Vidole vilikuwa vimekakamaa. Nikageuka, nikasema, "Nisamehe, mama. Ramani nimeichora vibaya. Sikuwa napajua."

"Utapajuaje? Tulikuleta umefunikwa uso." Akaweka sawa leso yake. "Mimi ndiye niliyemwambia huyu achague kwenu."

"Kwa nini, mama? Si umeona kwenu nilivyopafanya?"

"Niliona. Ndiyo maana. Harusini nilikuona umepambwa. Leo nimekukuta kwenye majani na pilau. Nikasema, mtu namna hii sijui ni nani. Nilitaka nikuone ukiwa kwetu."

Mume wangu alikuwa amerudi na kisu mkononi, amesimama mlangoni. Kaka na mama yangu nao walikuwa nyuma yake. Nikamwuliza mavyaa, "Na umenionaje?"

"Umepigwa vibaya sana," akasema, na watu wote wakacheka, na mimi nikacheka. Nilidhani imekwisha hapo. Lakini mume wangu hakuwa anacheka. Aliweka kisu chini, akafuta mikono.

"Mama," akasema. "Ulisema una neno na mimi."

Mavyaa hakumtazama yeye, alikuwa bado anaitazama ile skrini, pale kando ya barabara ambapo kile kibanda hakikwisha.

"Nilikuwa nalo," akasema. "Nilikuja nikwambie urudi nyumbani. Nilikuwa nawaza, siku mambo yakikukaukia, huku ugenini, utakuwa peke yako."

Kisha akanigonga goti kwa kiganja, kwa nguvu, kama mtu anayejaribu ubao kama ni mzima, akamwambia mwanawe,

"Hutakuwa peke yako. Kaa hukuhuku."

Nilikimbilia jikoni. Nilisema ninakwenda kuchemsha chai, kwa kuwa nimeshindwa na ndiyo ada yetu. Maji yalichemka, yakakauka, nikatia mengine, na bado nilikuwa ninalia.